Makaa Kwenye Ukuta wa Fuwele

Jumanne, 4 Machi

Fuwele nyingine imevunjika mkononi. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga mabati, kwa hiyo hakuna aliyenisikia nikitukana.

Kazi yangu ni kuandaa. Nakata fuwele iwe vipande vidogo kama ukucha. Naipa volti kubwa upande mmoja ili chaji za hapo zigeuke. Kisha naosha kwa asetoni, naosha kwa spiriti, naosha kwa maji yaliyochujwa, nakausha juu ya sahani ya moto, naacha vipoe chini ya kifuniko. Baada ya hapo ni kazi ya Nyaboke, mwanafunzi mwenzangu: anafunga nyaya, anasukuma umeme, anasoma mita. Yeye ataitwa mgunduzi, mimi nitaitwa aliyeosha vyombo. Nalalamika bure. Nilichagua mwenyewe.

Jumapili mama aliniuliza tena ninasomea nini hasa. Nikajaribu. Fuwele hii haipitishi umeme. Lakini ndani yake kuna maeneo, chaji za eneo moja zimeelekea juu, za jirani yake zimeelekea chini, na zinapokutana kuna ukuta mwembamba ambao macho hayauoni. Watu wa nje wamepima wakaona umeme unapita kwenye ukuta huo. Ukuta unaweza kufutwa na kuchorwa upya, kwa hiyo kuna wanaofikiria nyaya ambazo unazihamisha utakavyo. Mama alinitazama tu. Nikamwambia ni kama shamba la chai: huwezi kupita katikati ya michai, imeshikana, lakini kati ya kipande na kipande kuna kijia na wachumaji hupita hapo. Akasema mbona sikumwambia hivyo tangu mwaka jana.

Aliniuliza huku tukisugua vibuyu. Koito ya dada yangu Chelangat inakaribia, wageni wanakuja kumposa, na mama anataka mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kutosha kijiji kizima cha Sosiot. Maziwa hayamiminwi kwenye kibuyu kitupu. Unachoma mti wa senetwet, unasaga makaa yake ndani ya kibuyu kwa fimbo mpaka kuta za ndani ziwe nyeusi tititi. Mikono yangu bado inanuka moshi. Sweta pia.

Ijumaa, 7 Machi

Asetoni imebaki kidogo chini ya chupa. Nyingine wanasema iko njiani. Kila kitu katika idara hii kiko njiani.

Mama amepiga simu mara nyingi: niende mapema, vibuyu bado. Nikaosha vipande mara moja badala ya mara tatu, nikavikausha, nikaviacha vipoe mezani bila kifuniko, chini ya msumari ninapotundika sweta. Nikalikung'uta sweta, nikalivaa, nikatoka.

Mlangoni nikakutana na Nyaboke. Akaniuliza kama nimeosha. Anauliza kila siku, kama mwalimu wa nasari. Nikamwambia nimeosha vizuri kabisa. Ilitoka mdomoni yenyewe. Ni uongo mdogo, na Jumatatu nitaosha vingine vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Mkondo unapita!

Si kipande kimoja. Vyote vya Ijumaa. Nyaboke akiweka nyaya juu ya ukuta, namba zinapanda. Akizisogeza pembeni, katikati ya eneo, hakuna kitu. Akarudisha ukutani, zikapanda tena. Aliniita nitazame. Tulikumbatiana pale katikati ya maabara na makoti yetu meupe.

Prof, msimamizi wetu, alikuja mbio. Akaweka kipande chini ya hadubini na kuona mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka pale pale ukuta unapotakiwa kuwa. Akasema ndio huo ukuta wenyewe, unatawanya mwanga. Nyaboke akasema ni mweusi sana kuliko picha alizowahi kuona. Prof akasema taa yetu ni ya pembeni, inatia vivuli. Mimi nikasema ndiyo, taa ni ya pembeni. Sijui kwa nini nilidakia, hakuna aliyeniuliza.

Soda na mandazi kwa idara nzima. Prof ameshawaandikia washirika wetu wa Ulaya waliotupa fuwele. Nilisahau kabisa kuosha vingine.

Alhamisi, 13 Machi

Nyaboke ameahidiwa nafasi ya kwenda kusoma zaidi kwa hao washirika, ikiwa matokeo yatarudiwa na kutoka vilevile. Kwa sasa inazungumzwa tu, lakini Prof alilitaja mbele ya watu wote. Nyaboke ni Mkisii, si wa kabila letu, ingawa alizaliwa hapa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai ng'ambo ya mto. Mama yake bado anachuma. Nilimwona Nyaboke akijifanya anafuta miwani.

Nina wivu. Naandika hapa ili nisiuseme kwingine.

Jumatano, 19 Machi

Asetoni ilifika. Nimeandaa vipande vipya na kuviosha kama inavyotakiwa, mara tatu, bila haraka, nikavifunika vikipoa. Nyaboke amepima tangu asubuhi. Hakuna kitu. Ukutani hakuna, pembeni hakuna. Mita imelala.

Akaniuliza nimebadilisha nini. Nikasema sijabadilisha chochote.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna kitu. Prof amepiga meza. Amesema washirika wanangoja.

Nyaboke alivichukua vile vya zamani akavisafisha ili aanze upya kwa uangalifu. Navyo vimekufa. Jana vilikuwa vinapitisha, leo havipitishi. Alivisafisha kwa nia njema na sasa hana hata kimoja cha kuonyesha.

Sijui kwa nini. Hapana, nahisi najua.

Ijumaa, 21 Machi

Siku mbaya.

Prof alituita ofisini sisi wawili. Mwanzoni hakuniangalia mimi hata mara moja. Alimwambia Nyaboke kwamba amekaa katika kazi hii miaka mingi, na amewaona wanafunzi wakipika namba wakati safari ya ng'ambo inanukia. Nyaboke akasema hajapika. Prof akauliza basi mbona zimepotea siku ile ile zilipohitajika, na kwa nini amesafisha vile vya kwanza, nani alimtuma. Nyaboke akasema, "Cherono alikuwepo. Aliona mita."

Prof akanigeukia. Nikasema niliona siku ya kwanza, lakini sikuwa naangalia kila mara.

Ni kweli. Kila neno ni kweli, na sijawahi kusema jambo baya kuliko hilo maishani mwangu.

Nyaboke amezuiwa kuingia maabara. Kamati itakaa Alhamisi ijayo. Alikusanya vitu vyake, kikombe, shali, chaja. Nilimfungulia mlango kama mhudumu wa hoteli.

Jumamosi, 22 Machi

Koito. Watu wengi, hotuba ndefu, mvua ikatuheshimu hadi saa tisa. Chelangat alipendeza. Wazee wa upande wa pili walisifu mursik.

Nikamiminiwa ya kwangu. Rangi yake ya kijivu kama ilivyo siku zote. Nilipoinamisha kikombe nikaona chembe nyeusi zimejipanga ukingoni, pale maziwa yanapogusana na kikombe. Nimeziona tangu utotoni. Leo nilizikodolea macho mpaka shangazi akauliza kama kuna nzi.

Makaa hupitisha umeme. Mtoto wa sekondari anajua. Na fuwele yetu ikipashwa moto kisha ikapoa hujaa chaji juu yake na kuvuta vumbi, na huvuta zaidi ukutani. Hilo nalo najua, nimelifanyia mtihani.

Sikumaliza kikombe. Mama aliona.

Jumatatu, 24 Machi

Nimejaribu. Nilifunga mlango na kuchukua kipande safi, nilichokiosha mwenyewe. Nikakipasha moto, nikakiweka kipoe, nikalikung'uta sweta juu yake mara moja tu. Hata sikulisugua. Nikakitia chini ya hadubini. Vumbi lilikuwa limejikusanya, mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka.

Nikapima. Mkondo unapita, vilevile kama ule tulioushangilia. Nikafuta kwa pamba yenye asetoni. Pamba ikatoka nyeusi. Nikapima tena, hakuna kitu.

Kwa hiyo Nyaboke alipima kweli, akasema kweli, na alichopima ni makaa ya mama yangu. Nilileta mimi, nikaacha kuosha na kufunika mimi, nikamdanganya mimi. Na alipoanza kuuliza kuhusu ule weusi, nikamnyamazisha kwa habari ya taa.

Nilikaa kwenye kiti chake. Ofisi ya Prof iko hatua chache, alikuwepo, nilimsikia akikohoa. Nilifikiria nitakavyoonekana. Nilifikiria barua yangu ya ufadhili, inayofanywa upya mwezi wa tano. Nikavaa sweta nikaenda nyumbani. Mimi ni mwoga. Sikujua kwamba ni kiasi hiki.

Jumanne, 25 Machi

Sijasema. Nimeosha vipande siku nzima ambavyo hakuna wa kuvipima.

Jumatano, 26 Machi

Nilienda kwao Nyaboke. Nilijiambia nitamwambia yeye kwanza, ana kwa ana, ndiyo heshima. Nilivuka daraja na kupanda kilima katikati ya chai, matope mpaka kwenye soksi.

Nyaboke hakuwepo, ameenda na mama yake mdogo kwa muuza dawa. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza ametoka shambani, bado amejifunga ile aproni ya plastiki. Chumba kimoja, pazia, picha ya mahafali ya Nyaboke ukutani juu ya redio. Akaniketisha kwenye kiti kizuri. Akachemsha chai, akakataa nisimsaidie. Nilidhani atanilaumu. Laiti angenilaumu.

Alisema Nyaboke halali. Anasema hajaiba lakini wanamwona mwizi. Alisema yeye hajui mambo ya maabara, hakusoma, lakini mtoto wake anamjua. Kisha akanishika mkono, vidole vyake vina ule weusi wa utomvu wa chai usiotoka.

"Wewe ndio rafiki yake huko. Nyinyi ni watu wa hapa, mzee huyo anayemshtaki ni wa kwenu. Tafadhali mwambie kwamba msichana wangu hana tabia ya uongo. Wewe atakuskia."

Nikasema nitamwambia, mama. Nikanywa chai yake. Nikakubali ndizi alizonifungia kwenye karatasi. Nikatoka bila kusema kitu kingine.

Ndizi ziko mezani. Siwezi kuzila na siwezi kuzitupa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimesema.

Nilimngojea Prof mlangoni kabla ya kamati. Sikulala vizuri na nilikuwa nimejipangia maneno, yakatoka yote kwa pamoja: sweta, vibuyu, asetoni, ule uongo wa mlangoni, jaribio la Jumatatu. Nilimwekea kipande mezani, na pamba nyeusi kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia nastahili adhabu ambayo Nyaboke alikuwa apewe. Nikamwambia nilijua tangu Jumatatu.

Aliigeuza ile pamba. Akainusa. Halafu akacheka.

Alicheka kweli, kicheko cha tumboni, mpaka akavua miwani. "Senetwet! Cherono, yaani tumewaandikia Wazungu juu ya mursik?" Akaniambia hata mama yake, kule Siongiroi, alikuwa anampaka makaa hivyo hivyo, shati lote la shule. Akauliza koito ilikwendaje. Akauliza habari za mjomba wangu, walisoma pamoja. Akasema ajali kama hizi ndizo zinamfanya mtu awe mwanasayansi, na kwamba jaribio langu na sweta lilikuwa la akili sana, niliandike vizuri. Kamati akaivunja kwa simu moja. Nyaboke arudi Jumatatu. Washirika atawaandikia mwenyewe, kwa namna ya ucheshi kidogo.

Nikamuuliza kuhusu ule uongo. Akasema haraka ya nyumbani, nani hajui.

Na mimi nilicheka pamoja naye. Hilo ndilo jambo lenyewe. Moyo ulikuwa umefunguka kama mtu aliyetua kuni, nikacheka, nikasema asante Prof. Nilifika mpaka kwenye ngazi ndipo nikakumbuka uso wake wa Ijumaa, akimwambia Nyaboke habari za kupika namba. Uso ule haukuwa na kicheko chochote.

Ijumaa, 28 Machi

Nilivuka mto tena. Safari hii Nyaboke alikuwepo, anafua nje. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, hata kiti sikutaka. Nikamwambia samahani. Nikamwambia nilikuwa hapa Jumatano na nikashindwa kusema mbele ya mama yake.

Aliendelea kukamua nguo. Nilipomaliza akauliza Prof alisemaje. Nilitaka kuipunguza, lakini nimeshadanganya vya kutosha mwezi huu. Nikamwambia alicheka.

Akalitundika shati. Akalitundika jingine. Kisha akasema, hakupandisha sauti hata kidogo:

"Kama ni mimi nilileta makaa, angecheka?"

Alingoja, si kwa ubaya, alingoja tu kama anayengoja mita itulie. Kisha akainama akachukua beseni.

Akasema Jumatatu atakuja. Ameshaanza kazi hiyo na ataimaliza. Hakusema amenisamehe na sikuthubutu kuuliza. Mama yake alinipungia mkono kutoka shambani, kikapu mgongoni. Sidhani alikuwa ameshaambiwa. Nikampungia pia.

Jumatatu, 31 Machi

Amekuja. Wote walimsalimia kwa nguvu kupita kawaida. Prof akamwambia karibu tena, kama aliyetoka likizo. Hakuomba radhi. Wakati wa chai alisimulia habari ya senetwet na watu wakavunjika mbavu. Mimi ndiye shujaa wa hadithi hiyo. Nyaboke alikoroga chai yake.

Nikasema mbele ya wote kwamba nilidanganya, na Nyaboke ndiye aliyeonewa. Mmoja akasema haya basi, yameisha, na mazungumzo yakahamia mpira.

Jumanne, 1 Aprili

Nyaboke amesoma makala moja inayosema kwamba ukiangaza fuwele kwa taa ya urujuanimno wakati unapima, ukuta safi huweza kupitisha mkondo kidogo. Tuna taa hiyo. Tumesafisha vipande pamoja, yeye upande wake wa sinki, mimi wangu. Tuliongea juu ya kazi tu.

Sweta naliacha nyumbani. Maabara ina baridi na sawa tu, acha nipate baridi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua tangu asubuhi, ile ndogo isiyo na haraka.

Mkondo upo. Mdogo sana, mara nyingi mdogo kuliko wa makaa, lakini unapita ukutani na haupiti pembeni. Taa ikizimwa unaondoka. Ikiwashwa unarudi. Chini ya hadubini hakuna mstari wowote, fuwele ni safi kama maji. Nyaboke amejaribu kila njia ya kuukanusha na umekataa kukanushika.

Prof aliingia, akainama kwenye mita, akatazama namba kwa muda. Kisha akaniuliza mimi, niliyekuwa kwenye sinki mgongo umegeuka, "Cherono, ni kweli hii?"

Nikamwambia amuulize aliyepima. Akasema naam, naam, akamuuliza na yeye pia. Alivyotoka alikuwa na furaha.

Nyaboke alivuta kiti cha pili akakiweka kando ya chake, mbele ya mita, akanionyesha nikae. Nikamwambia si lazima, namba ni zake, hahitaji shahidi.

"Kaa tu," akasema. "Neno lako wataliamini."

Nikakaa. Akawasha taa. Anasoma namba, mimi natazama, naitikia, ndipo anaandika. Tukaendelea hivyo hadi saa ya kwenda nyumbani.